Intaneti ya ofisi inakatakata na mtoa huduma anasema laini iko sawa, naombeni msaada

Mhasibu_wa_Zamu
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Nina shida inaninyima raha wiki ya tatu sasa. Ofisi yetu ndogo tu, tuko watu 12, tuna rauta moja ya mtoa huduma, swichi ya matundu 16, kompyuta 8 ziko kwenye kebo na waliobaki wanatumia waifai. Asubuhi mambo safi, ikifika saa nne hivi ndo inaanza, mtu anaamsha kompyuta yake anakuta hakuna kinachofunguka, anazima anawasha, mara inarudi mara hairudi. Cha ajabu haiwakatikii wote kwa pamoja, huyu anapata, mwenzie wa meza hiyo hiyo hapati. Na kuna kompyuta moja karibu na mlango ambayo yenyewe haikati sana ila ni nzito muda wote, kufungua faili kwenye seva ni kusubiri. Fundi wa mtoa huduma kaja kapima laini, spidi inakuja yote. Bosi anataka tuongeze kifurushi, mi naona tutalipa zaidi na hali itakuwa ile ile. Sio mtu wa IT, kazi yangu ni hesabu ila nimeachiwa hili, mnieleweshe taratibu tafadhali.

Nyuzi_Nane
Pole mkuu. Kifurushi usiguse kwanza. Cha kwanza jua inakatikia wapi, ndani au nje, usibadilishe kitu chochote kabla ya kujua hilo maana utazunguka mwezi mzima. Kwenye kompyuta inayosumbua fungua cmd mbili (lile dirisha jeusi la kuandikia amri), moja andika ping 192.168.1.1 -t, yaani kukiuliza kifaa "upo?" mfululizo (weka namba ya rauta yenu wenyewe), nyingine ping 8.8.8.8 -t (hiyo ni seva ya Google, iko nje kwenye intaneti), ziache ziende huku mtu anaendelea na kazi zake. Ikianza kusumbua ziangalie. Rauta inajibu ndani ya milisekunde 1 au 2 ila 8.8.8.8 kimya, hapo shida iko nje, piga picha umpelekee mtoa huduma. Rauta yenyewe haijibu, basi shida mnayo humo humo ndani. Zote zinajibu ila kurasa hazifunguki, angalia DNS, ile huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Na kama rauta iko sawa halafu ile ya 8.8.8.8 inapanda kutoka 20 kwenda 500, 600, kuna kompyuta inapakia kitu kizito, mara nyingi ni bakapu, na laini ya kupandisha ikijaa hata kushusha kunakwama kwa sababu vile vijibu vidogo vya "nimepokea" vinakaa foleni.
Halafu andika ipconfig /all (inaonyesha namba za mtandao za kompyuta) kwenye kompyuta nzima na kwenye mbovu, uzilinganishe.

kishoka_wa_waifai
Mi ningeanza na waifai, kwenye masafa ya 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, waifai za majirani zikijaa hapo mtateseka, hamia 5 GHz. Ila umesema hata wa kebo wanakatikiwa? Kama ndio basi sio hiyo, msikilize jamaa hapo juu.

Mhasibu_wa_Zamu
Ndio mkuu, hata wa kebo. Nimefanya kama ulivyosema, leo saa nne na nusu kompyuta ya mapokezi imekata, rauta haijibu kabisa. Yangu wakati huo huo inajibu vizuri. Nikalinganisha hizo ipconfig, yangu ni 192.168.1.23 na Default Gateway (namba ya rauta inayoitumia) 192.168.1.1, ya mapokezi ni 192.168.0.104 na Default Gateway 192.168.0.1. Hiyo sifuri imetoka wapi? Sisi hatuna kitu chenye namba hiyo.

Nyuzi_Nane
Mnacho, ila hamkijui. Umelipata tatizo lako mkuu. Kuna kifaa cha pili kwenye mtandao wenu kinagawa IP, hizo namba za kompyuta kwenye mtandao, yaani DHCP (huduma ya kugawa namba) ziko mbili. Kompyuta ikiamka inauliza kwa sauti "nani anipe namba?", anayewahi kujibu ndo anasikilizwa, ikijibiwa na huyo mgeni inapewa njia isiyoenda popote. Ndo maana mmoja anapata mwenzie hapati, na waliowahi asubuhi wanabaki salama kwa vile namba walishachukua kwa rauta halali.
Kwenye hiyo ya mapokezi ikiwa bado mbovu andika arp -a, kwenye mstari wa 192.168.0.1 kuna namba ya MAC (namba ya kiwandani ya kifaa), kifaa chenyewe kina stika chini yenye namba kama hiyo au inayokaribiana nayo. Ukishindwa, acha ping ya 192.168.0.1 inaenda halafu chomoa kebo za swichi moja moja, itakayokata ping ndo ifuate mpaka mwisho wake. Usianze na kebo ya mapokezi yenyewe.
Swali, saa nne kuna nini hapo ofisini?

Mhasibu_wa_Zamu
Vikao!! Saa nne tunafungua chumba cha mikutano. Nimefuata kebo ya tundu la 14 ikanipeleka nyuma ya kabati humo chumbani, kuna kirauta cheupe kina vumbi, mtu alikiweka ili wageni wapate waifai, na kinawaka pale tu wanapowasha soketi ya ukutani kwa ajili ya projekta. Sasa nikitoe au?

Nyuzi_Nane
Kama wageni wanakihitaji kiache. Ingia kwenye mipangilio yake, kipe IP 192.168.1.2 (hakikisha iko nje ya zile namba rauta kubwa inazogawa), zima DHCP, kebo ibaki tundu la LAN (la mtandao wa ndani) sio WAN (la kupokea intaneti). Hapo kinabaki kurusha waifai tu. Na ubadilishe nywila yake ya kuingilia.
Ile ya mlangoni ni ugonjwa mwingine. Angalia spidi ya kebo kwenye mipangilio ya mtandao, inasoma 1000 Mbps (gigabiti) au 100?

Mhasibu_wa_Zamu
100. Zingine zote 1000.

kishoka_wa_waifai
Kebo hiyo. Gigabiti inataka nyaya zote 8, 100 inatosheka na 4, kwa hiyo waya mmoja kati ya zile 4 nyingine ukikatika kadi nyingi za mtandao zinashuka zenyewe kimya kimya, hakuna onyo. Pitisha mkono kebo yote kuanzia ukutani.

Mhasibu_wa_Zamu
Nimeipata, mguu wa meza umeikalia, imebanwa bapa kama utepe, ganda limepasuka na waya wa bluu umekatika kabisa. Nimeweka kebo nyingine nimeipitisha juu ya ukuta, sasa inasoma 1000 na faili za seva zinafunguka hapo hapo. Kile kirauta nacho nimekirekebisha, leo siku ya nne, tumekaa vikao vitatu na hakuna aliyekatikiwa. Bosi nimemwonyesha zile picha za ipconfig, habari ya kuongeza kifurushi imeisha. Nashukuru sana wakuu, mmenitoa mbali.