Wageni wa redio Jumamosi: gumzo la kikundi cha mtaa, Kirumba, Mwanza

Katibu: Habari za jioni wanamtaa. Redio wamenijibu. Tumepewa saa nzima, Jumamosi tarehe 16 Mei 2026, saa 3 asubuhi. Mada ni usalama ziwani, kwa sababu Alhamisi tarehe 21 inatimia miaka 30 tangu meli ya MV Bukoba izame Ziwa Victoria. Viti vya wageni ni vitatu tu. Naomba mapendekezo leo, kesho asubuhi wanataka orodha.

Mama Pacha: Mungu ni mwema. Mimi mzee wetu wa nyavu lazima awepo, hata kama kiti ni kimoja.

Kijana wa Bajaji: Naunga mkono. Usafiri wake niachieni mimi.

Mwalimu: Naunga mkono pia. Ila tusiishie kuhuzunika hewani. Kila mwaka tunasikia idadi ya waliokufa na nyimbo za maombolezo, kisha mtu anazima redio na kupanda mtumbwi uliojaa mpaka maji yanachungulia ndani. Meli ile ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Orodha iliyokuwepo ilikuwa ya daraja la kwanza na la pili, daraja la tatu hawakuandikwa kabisa. Hapo ndipo kipindi kianzie.

Mama Pacha: Mwalimu umegusa penyewe. Familia ngapi hazikuweza kuthibitisha kwamba mtu wao alipanda.

Mzee wa Nyavu (anaandikiwa na mjukuu): Wanangu, nimesomewa yote. Nitakuja. Sote tuliokuwepo Mwanza Jumanne ile tunajua: meli ilibinuka, tumbo likabaki juu, na watu walisikika wakigonga kutoka ndani. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa ikatoka na meli ikazama. Nitalisema hilo mara moja, kisha nizungumzie mitumbwi ya leo. Wavuvi wetu wanazama mmoja mmoja, usiku, na hakuna redio inayowataja.

Katibu: Shikamoo mzee. Wabeja (asante) sana. Kiti cha kwanza kimepata mwenyewe.

Dada wa Zahanati: Mimi naomba kiti cha pili, kwa jambo moja tu. Mtu akitolewa majini watu humning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili maji yatoke. Huko ni kupoteza dakika, na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, angalia kama anapumua. Kama hapumui, mbane pua, mpulizie pumzi mdomoni mpaka uone kifua kinapanda, halafu ndipo ubonyeze kifua katikati, kwa nguvu na kwa haraka: mara 30, pumzi 2, mara 30, pumzi 2. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo pumzi ndiyo ya kwanza. Nataka kulieleza polepole, mtu afuatishe akiwa nyumbani kwa kutumia mto.

Mama Pacha: Dada, nenda. Hili peke yake linatosha kuwa kipindi.

Mwalimu: Kiti cha tatu aitwe kiongozi, ili ajibu maswali.

Mama wa Dagaa: Mwalimu, samahani, hapo sikubaliani na wewe. Viongozi wanaitwa kila wiki. Sisi tunaoanika dagaa pale Mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, tunajua mambo ambayo kiongozi hayajui. Mimi najua ni mtumbwi gani umeondoka na vijana sita na jaketi okozi moja, kwa sababu nawaona wakipakia taa. Jaketi lenyewe limewekwa chini ya nyavu, limelowa, kamba zimekatika. Mvuvi analibeba ili akikaguliwa aonekane analo.

Kijana wa Bajaji: Kweli tupu mama.

Mama wa Dagaa: Na kuna jingine. Mmeangalia mwezi? Tarehe 16 ni giza totoro, na dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Wavuvi wa dagaa watakuwa majini usiku kucha, asubuhi wanashusha mzigo na kupatana bei, saa 3 wale waliomaliza wamelala fofofo. Sisi tutakuwa kwenye chanja, tunageuza dagaa kabla jua halijawa kali. Kipindi cha usalama ziwani kitasikilizwa na watu walio ofisini!

Katibu: Hilo hakuna aliyeliwaza. Asante sana mama.

Mwalimu: Mama, nimekubali. Kiti cha tatu ni chako. Kiongozi atapigiwa simu kipindi kikiwa hewani, ajibu akiwa huko huko.

Mama Pacha: 👏👏👏

Katibu: Nitawaomba redio wakirudie saa 4 usiku siku hiyo hiyo. Vijana wengi huenda na redio ndogo au simu mtumbwini, wakisubiri dagaa wajae kwenye mwanga wa taa. Huo ndio muda wao wa kusikiliza.

Mzee wa Nyavu (anaandikiwa na mjukuu): Hapo mmenifurahisha. Na mkutano wetu na wavuvi pale Mwaloni msiuweke siku za giza. Uwekeni Jumamosi tarehe 30, mwezi utakuwa mpevu na mitumbwi iko nchi kavu. Waje na majaketi yao, tuyakague mmoja mmoja bila kumwaibisha mtu.

Katibu: Imepita. Tarehe 30, saa 10 jioni, Mwaloni.

Kijana wa Bajaji: Jamaa yangu mmoja anasema mada imepitwa na wakati, eti siku hizi kuna daraja.

Mwalimu: Mwambie daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, limeokoa watu wengi kusubiri kivuko, na tunashukuru kwa dhati. Lakini anayekwenda visiwa vya Ukara au Kome atapita wapi? Kivuko cha MV Nyerere kilizama tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa kimebakiza hatua chache kufika gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Watu walisogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Hilo la kusogea upande mmoja ningependa mzee alieleze, maana hata kwenye mtumbwi ni hivyo hivyo.

Mzee wa Nyavu (anaandikiwa na mjukuu): Nitalieleza. Chombo kikikaribia nchi kavu ndipo mtu akae chini na kutulia.

Katibu: Matangazo mengine kwa ufupi. Jumatano tarehe 20 kuchangia damu uwanja wa shule: umri 18 hadi 65, kilo 50 kwenda juu, ule kwanza na unywe maji. Alhamisi tarehe 21 wanaokwenda Igoma kwenye makaburi ya MV Bukoba tukutane stendi saa 12 asubuhi, mje na mafyekeo na maua. Kwaya ya akina mama, mazoezi ni kesho.

Mama Pacha: Ngoma ya Bulabo, ile sherehe ya Wasukuma kule Bujora, je? Watoto wananisumbua wanataka kuona wanaocheza na nyoka.

Katibu: Hiyo ni mwezi wa sita, tutaongea baadaye. Sasa naomba maswali ya kumpigia kiongozi hewani.

Dada wa Zahanati: Muulize mialo mingapi ina mtu aliyefundishwa kuokoa aliyezama.

Mwalimu: Na abiria wa mtumbwi wa kukodi anaandikwa na nani kabla ya kuondoka.

Mama wa Dagaa: Langu ni hili. Mtumbwi si wa mvuvi, ni wa tajiri. Tajiri akikataa kununua majaketi, na kijana akikataa kwenda bila jaketi anafukuzwa, huyo kijana ashtaki wapi, na nani atamlinda asikose kazi?

Katibu: Nimeliandika la kwanza. Redio wamejibu sasa hivi: marudio saa 4 usiku yamekubaliwa.

Kijana wa Bajaji: Mzee, nakufuata saa 1 na nusu. Mama wa Dagaa, nawe nikupitie wapi, nyumbani au kwenye chanja?

Mama wa Dagaa: Kwenye chanja.