Naomba ushauri: ninunue kadi ya Wilson au ya Crawford?

Mgeni wa Pittsburgh: Wakuu, salaam. Hapa Pittsburgh ninapoishi, mzee mmoja jirani ananiuzia kadi ya besiboli, mojawapo ya zile zilizotiwa ndani ya pakiti za sigara mwaka 1909. Anayo ya Owen Wilson wa Pittsburgh Pirates na ya Sam Crawford wa Detroit, nami sina uwezo wa kuchukua zote mbili. Ni nani kati yao aliyekuwa bingwa wa mapigo ya besi tatu, yaani yale yanayomwezesha mpigaji kukimbia hadi kituo cha tatu kwa pigo moja? Tangu juzi silali.

Kobe Mtulivu: Mkuu, hapo hakuna mjadala. Crawford, aliyeanza Cincinnati mwaka 1899 na kumalizia Detroit mwaka 1917, alipiga 309, na hadi leo hajatokea wa kumfikia, hata Ty Cobb aliyecheza naye timu moja. Wilson alipata mwaka mmoja wa neema, 1912, alipopiga 36, rekodi ya msimu ambayo nayo haijavunjwa; miaka yake mingine ilikuwa ya kawaida. Tena uwanja ulimbeba, kwa kuwa ukuta wa Forbes Field ulikuwa mbali mno na mipira ya enzi hizo haikuruka sana, hivyo pigo zuri liliishia kubingirika huko nyuma huku mpigaji akikata mbuga. Kama ni mapenzi ya Pittsburgh tu, mtafute Honus Wagner, mwenye 252.

Bi Mkubwa wa Tanga: Mmenikumbusha rede tuliyocheza uani, nilivyokuwa nikijaza chupa mchanga kabla mpira haujarudi. Ila mwanangu, mtu hakosi usingizi kwa kuchagua kadi. Fedha hizo ni za nani?

Mgeni wa Pittsburgh: Shikamoo Bi Mkubwa. Kwa kuwa umeuliza, mimi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuzikana, na nimekwisha kutanguliza dola 600 kwa kadi ya Wilson. Sikuiba, nimeazima, na mwaka huu, tunamshukuru Mungu, hatujafiwa.

Mhasibu Mstaafu: Nimetunza vitabu vya ushirika kwa miaka mingi, na kila aliyefukuzwa alikuwa "ameazima". Waite wanachama wako leo, uwaeleze kabla msiba haujawaeleza.

Kobe Mtulivu: Kumbe umekwisha kuchagua! Crawford ulimtaja wa nini?

Mgeni wa Pittsburgh: Nilitaka kujiridhisha. Isitoshe, nyuma ya kadi pameandikwa kwamba Wilson ndiye mwenye rekodi ya mapigo 36 kwa msimu mmoja, kwa hiyo bei yake lazima itapanda.

Jicho Kali: Tusimame hapo, wakuu. Kadi ya mwaka 1909 iliyajuaje mapigo ya mwaka 1912? Ama umeuziwa karatasi ya juzi, ama hakuna mzee wala kadi, na mleta mada anatuchezea akili. Tuwekee picha.

Chumvi Kijiko: Huenda mwenye kiwanda cha sigara alikuwa na mpiga ramli wake.

Bi Mkubwa wa Tanga: Marahaba, mwanangu. Picha iko wapi?

Mgeni wa Pittsburgh: Simu yangu ina hitilafu ya kamera. Inawezekana kabisa kwamba maandishi yaliongezwa baadaye na mtu mwaminifu. Jumamosi ninakwenda kumalizia malipo, hivyo anayeijua bei ya Crawford aniambie kabla ya Ijumaa.