Kufungua skrini kadhaa za ISPF kwa mkupuo

Swali
Ndugu wataalamu, kila asubuhi ninapoingia kwenye kompyuta kuu ya z/OS (mfumo endeshi wa IBM) hulazimika kufungua skrini nne za ISPF, yaani programu ya menyu tunayofanyia kazi humo, moja baada ya nyingine, kisha nazizungukia kwa kitufe cha F9 hadi niipate ninayoitaka. Je, kuna njia ya kuzifungua zote mara moja?

Jibu la kwanza
Ipo, tena bila programu ya ziada. Kwenye menyu kuu andika, kwa mfano, 3.4;START 2;START 6 (START hufungua skrini mpya; namba ni chaguo za menyu: 3.4 orodha ya mafaili, 2 kuhariri, 6 kuandika amri), kwa kuwa nukta mkato hutenganisha amri na ISPF huzitekeleza kwa mfuatano. Kisha ipe kila skrini jina, mathalani SCRNAME HARIRI. Baadaye SWAP HARIRI itakupeleka huko moja kwa moja.

Jibu la pili
Kikomo cha kawaida ni skrini 8, ingawa msimamizi wa mfumo aweza kukipandisha hadi 32. Ukitumia madirisha tofauti ya kiigizi cha 3270 (programu inayoiga kituo cha kompyuta kuu) yanayoendeshwa kwa makro, yaani amri zilizoandaliwa zijiandike zenyewe, tafadhali hakikisha makro inasubiri kibodi, ambayo hufungwa mfumo ukiwa unashughulika, ifunguliwe kabla ya kuandika. Yangu haikusubiri, na nywila ikaingia kwenye nafasi ya jina la mtumiaji, ikasomeka wazi.

Muulizaji
Nashukuru sana, SWAP LIST sasa inanionyesha zote nne kwa majina.