PS5 imegandia NAT Type 3 tangu niweke fayawoli yangu nyumbani, nisaidieni wakuu

Mlezi_wa_Tabata
Wakuu habari za jioni.

Kuna jambo limenila wikendi mbili sasa. Nyumbani natumia faiba, na ruta ya kampuni ilikuwa inanitosha kabisa. Lakini baada ya kufunga kamera mbili za getini, halafu mke wangu akaanza kufanyia kazi za ofisi nyumbani, nikaona bora nitenganishe mambo. Nikachukua kompyuta ndogo iliyotumika pale Kariakoo, ina matundu mawili ya kebo ya mtandao, nikaweka pfSense, programu ya fayawoli. Faiba inaingia kwenye ruta ya kampuni, kebo inatoka hapo kwenda pfSense, kisha swichi, kisha vifaa vyote. PS5 iko kwenye kebo, siyo WiFi.

Kabla ya hapo PS5 ilikuwa inasoma NAT Type 2 (NAT ni vifaa vya ndani kutoka nje kwa anwani moja; Type 1 ndiyo wazi zaidi, Type 3 ndiyo iliyobana zaidi). Sasa ni Type 3. Kupakua magemu poa, video poa, hata mechi na watu nisiowajua naingia. Tatizo ni mdogo wangu aliyeko Maskati. Kila Ijumaa usiku tunacheza pamoja, sasa nikiingia kwenye maongezi naliona jina lake, naona alama ya maiki yake inawaka, sauti hakuna. Yeye anadhani nimemnunia.

Nimeshafungua poti 3478, 3479 na 3480 kwenda IP ya PS5, yaani 192.168.10.20. Nimezima na kuwasha kila kitu. Bado. Nakosea wapi?

kijiti_kavu
Ngoja waje wataalamu. Nimeweka kiti hapa.

Mnyamwezi77
Mkuu zima hiyo fayawoli ucheze gemu, mambo mengi ya nini? Au itupe PS kwenye DMZ, yaani nje ya ulinzi wa fayawoli, kila kitu kipite.

FundiKebo
Mnyamwezi77 acha kumpoteza mwenzio, ana kamera na kazi za mkewe humo ndani.

Mleta uzi, nipe vitu viwili. Fungua ukurasa wa mwanzo wa pfSense, anwani ya WAN, yaani upande wa nje, ni ipi? Halafu ingia kwenye ruta ya kampuni, angalia nayo imepewa anwani gani upande wa nje. Usiandike namba zote, zile mbili za mwanzo zinatosha.

Mlezi_wa_Tabata
Fundi asante. pfSense inasoma 192.168. Ruta ya kampuni inasoma 100.81.

FundiKebo
Nilijua tu. Hapo una NAT tatu zimepandana kama masufuria kabatini: ya pfSense, ya ruta, na ya kampuni yenyewe kule kwao. Anwani zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma, ili wabanane wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ndiyo inaitwa CGNAT. Kwa hiyo poti ulizofungua ni sawa na kuacha wazi mlango wa chumbani wakati geti la nje limefungwa na funguo anazo mwenye nyumba. Zifute zote. Na DMZ ya Mnyamwezi nayo ingeishia hapohapo getini.

Ila hilo silo lililokuletea Type 3. Ulikuwa nyuma ya geti hilohilo zamani na ulikuwa Type 2. Kilichoongezeka ni pfSense, na pfSense ina tabia moja: kifaa kikituma kitu nje, inabadilisha namba ya poti ya kutokea, inaweka yoyote inayojisikia. Kwa usalama ni jambo zuri. Kwa gemu ni balaa. PS ikitaka kujua inaonekanaje huko nje inauliza seva kupitia UDP 3478, "mnaniona kwa namba gani?" Seva hii inajibu 41200, ile inajibu 58817. Sasa hapo itamwambia mdogo wako apige hodi mlango upi, wakati mlango unahama kila anapokuja mgeni? Ruta nyingi za kawaida huiacha namba kama ilivyo ikiwa haijachukuliwa na kifaa kingine, ndiyo maana zamani hukuona shida.

Fanya hivi. Kwanza ifungie PS IP yake kwenye DHCP (inayogawa IP kwa vifaa) isije ikabadilika. Halafu nenda Firewall, NAT, Outbound. Iko Automatic, iweke Hybrid, hifadhi. Ongeza sheria moja: upande wa WAN, chanzo 192.168.10.20/32, na kule chini kwenye Translation weka tiki pale palipoandikwa Static Port, yaani namba ya poti isibadilishwe. Ukiacha /24 utakuwa umeigusa nyumba nzima, na hutaki hivyo. Apply. Kapime.

Mlezi_wa_Tabata
Fundi nimefanya kila kitu kama ulivyosema, neno kwa neno. Type 3.

Mnyamwezi77
😂😂 Nilisema zima.

FundiKebo
Umefuta states, yaani kumbukumbu ya koneksheni zilizo wazi? Koneksheni zilizokuwa hai zinaendelea na utaratibu wa zamani hata ukibadilisha sheria. Diagnostics, States, Reset States. Na PS izime kabisa, siyo kuilaza. Ikilala na intaneti ikiwa imeruhusiwa, bado inaongea na nje.

Mlezi_wa_Tabata
MREJESHO: Wakuu, imekubali.

Nilipobonyeza kufuta states ukurasa uliganda, nikadhani nimeua intaneti ya nyumba nzima. Mke wangu akaita kutoka chumbani, alikuwa kwenye kikao, uso wa bosi umeganda mdomo wazi. Sekunde chache nikaingia upya, kila kitu kipo. Nikaiwasha PS, nikapima: NAT Type 2. Sijafungua poti hata moja.

Mdogo wangu neno la kwanza nililolisikia ni "kaka umepata chaji ya maiki?" Kisha kanifunga nne. Swali dogo tu Fundi, Type 1 naweza kuipata?

FundiKebo
Type 1 ni PS iliyochomekwa moja kwa moja kwenye intaneti bila ruta katikati. Huitaki. Type 2 inatosha kwa kila kitu.

Ukitaka kupunguza tabaka moja, waombe kampuni waiweke ruta yao kwenye hali ya daraja (bridge), ipitishe tu bila NAT, pfSense ishike yenyewe ile 100.81. Si lazima.

Mama_Gemu_Mbagala
Fundi shikamoo, samahani nadandia uzi. Mimi nina kibanda cha gemu, Xbox nne, na nina pfSense pia, kijana alinifungia. IP yangu ni ya umma, nailipia kwa mwezi kwa sababu ya kamera. Hiyo Static Port nimeiweka kwa mashine zote nne. Moja ikicheza iko sawa. Ikiingia ya pili, mmojawapo anatupwa nje na wateja wananigombeza mimi.

FundiKebo
Marahaba mama. Kwako Static Port ndiyo inakugombanisha. Xbox kwa kawaida yote inataka kutokea poti 3074. Ukikataza namba isibadilishwe, mashine mbili zinang'ang'ania mlango mmoja, na pfSense haiwezi kuugawa. Njia rahisi: kwenye kila Xbox, mipangilio ya mtandao ya ndani zaidi, kuna pa kuchagua poti nyingine badala ya 3074. Kila mashine ipe yake.

Au washa UPnP, mashine ziwe zinaomba poti zenyewe, kila moja itapata isiyo na mtu. Kwa IP ya umma itafanya kazi. Kwa mleta uzi isingefanya, fayawoli yake haina anwani ya nje ya kugawa.

Lakini mama usiwashe ikabaki wazi kwa kila kifaa. Weka tiki ya kukataa wote, halafu ruhusu mashine zako kwa mistari kama huu, mmoja kwa kila mashine:

allow 1024-65535 192.168.10.31/32 1024-65535

Hizo kamera zako zisiwemo kabisa. Kamera ikipata UPnP inajitobolea tundu yenyewe bila kukuuliza, na zile zenye nywila ya kiwandani ndizo kirusi cha Mirai kilizozikusanya mwaka 2016, kamera na ruta za watu majumbani, zikatumika kuangusha tovuti kubwa Marekani.

Mama_Gemu_Mbagala
Nywila ya kamera yangu ni admin. Narudi.