Jiko linavunjwa na sisi tumo ndani: vumbi, sigiri na mtoto

Mama wa Jinja
Shikamooni wakubwa, habari zenu ndugu. Nyumba yetu hapa Jinja ni ya zamani, ya miaka ile bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa, yaani 1954 au karibu na hapo. Juma lililopita fundi alianza kulivunja jiko ili atuwekee sinki na vigae vipya, nasi hatuna pa kuhamia. Vumbi limeingia hadi kwenye chandarua: jana asubuhi nilipokikung'uta, ukungu mweupe ulimshukia binti yangu wa miaka mitatu, akakohoa mpaka akatapika. Ukuta una rangi tabaka juu ya tabaka, ya kijani chini na ya maziwa juu, na fundi anaikwangua kwa msasa mkavu. Mimi napikia sigiri kwenye korido. Juzi usiku mvua iliponyesha nilifunga milango, nikaamka kichwa kikinigonga. Zimebaki wiki tatu. Nianze kurekebisha lipi?

Muuguzi, Gulu
Pole sana, mama. Anza na sigiri, tena leo hii. Mkaa unapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hatari yake ni kwamba makaa yanapokuwa mekundu na moshi umekwisha, watu huona sasa ni salama kuyaingiza ndani, kumbe gesi bado inatoka. Kichwa kile huenda kilikuwa onyo. Sigiri ikae barazani, na isirudishwe ndani hata yakibaki makaa machache.

Rangi nayo isikwanguliwe kavu tena. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto wa umri huo hushika sakafu, kisha hutia vidole kinywani. Mpeleke kituo cha afya kwa kikohozi hicho, na usisahau kuwaeleza habari ya rangi.

Fundi mwashi, Mbale
Dada, nakubaliana na muuguzi, nami nitasema ya upande wetu. Vumbi la zege na vigae lina silika, yaani madini yaliyomo kwenye mchanga, ambayo tangu 1997 imewekwa na wataalamu wa saratani wa kimataifa katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na kitambaa kilichofungwa puani hakiizuii. Vigae vikatiwe nje, maji yakitiririka kwenye jiwe la kukatia. Rangi ilowanishwe kwa maji kabla ya kukwanguliwa. Mlango wa jiko uzibwe kwa turubai, likandamizwe juu kwa ubao na chini kwa gunia bichi, na jioni sakafu ipigwe deki. Ufagio mkavu hurusha tena lile vumbi lililokwisha kutua. Fundi akisema maji yanamchelewesha, mwambie hiyo ni sehemu ya kazi yake.

Tena jiko likivunjwa soketi nazo hung'olewa, na nyaya zake zinanitia wasiwasi. Umeme wetu ni volti 240, na waya ulioachwa wazi ukutani kwa kimo cha mtoto huua. Swichi kuu izimwe, waya zipimwe, kisha zifungwe na fundi umeme.

Mzee wa Entebbe
Mama, hebu tazama paa. Ikiwa ni yale mabamba ya kijivu ya asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, fundi asitoboe tundu la bomba la moshi, wala asiyakate.

Mama wa Jinja
Asanteni sana. Paa ni la mabati, mzee wangu. Sigiri iko barazani tangu jana na kichwa hakijaniuma tena. Binti amelala kwa shangazi yake huko Bugembe, na kesho asubuhi nampeleka kupimwa. Fundi alinung'unika kuhusu maji, lakini mume wangu amemjazia jerikani sita na kumwambia kazi haianzi kabla turubai halijafungwa.