Mvua za wastani Dodoma msimu huu, nipande mahindi au mtama?

mgeni_shambani: Wakuu habari za jioni. Nina ekari 6 huku Kongwa, nimesikia redioni utabiri wa msimu, ule wa Novemba mpaka Aprili, kwamba tutapata mvua za wastani na joto litakuwa juu ya wastani kidogo, sasa mimi nikasema basi ni mahindi tu shamba zima, ila mzee jirani yangu kacheka akaniambia panda mtama kijana. Wastani si ndo kawaida jamani? Na hilo joto kidogo linanihusu nini? Mnisaidie kabla sijanunua mbegu.

kipimamvua: Mkuu mzee wako msikilize. TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wakisema wastani wanamaanisha kuanzia asilimia 75 mpaka 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo hilo, hilo ni pengo kubwa sana. Dodoma mjini kwa mwaka ni kama milimita 560 hivi na karibu zote zinashuka Desemba mpaka Machi, sasa piga hesabu mwenyewe, 420 ni wastani na 700 nayo ni wastani. Kwa 700 mahindi unavuna, kwa 420 unavuna mabua ya ng'ombe, na mtabiri hajakosea popote.

Binti Mpwapwa: Naongezea hapo, jumla ya msimu sio ishu kubwa, ishu ni mgawanyo. Huku kwetu Februari mvua inapenda kukata wiki mbili hata tatu, na ukiangalia mahindi uliyopanda Desemba ndo muda huo yanatoa mbelewele na ndevu, yakikosa maji hapo hata Machi inyeshe mafuriko haisaidii kitu. Mtama wenyewe jua likikaza unajikunja unasubiri, mvua ikirudi unaendelea. Na joto usilidharau kaka, udongo unakauka haraka, alafu likipita nyuzi 35 chavua ya mahindi inakufa unapata magunzi yenye punje za kuhesabu

mzee wa jamvi: Utabiri gani bana, 2023 si walisema El Nino na kweli mafuriko yakaja sehemu nyingi. Mwaka huu sijasikia El Nino, panda mahindi acha uoga.

kipimamvua: Mzee hapo unachanganya. El Nino pamoja na Bahari ya Hindi kupata joto upande wetu huku vinaongeza sana mvua za vuli, Oktoba mpaka Desemba, yaani pwani ya kaskazini, Kilimanjaro, kanda ya ziwa huko. Ndo maana 2022 vuli ilivyogoma Ruvu ikapungua Dar wakala mgao wa maji. Sisi kanda ya kati tuna msimu mmoja tu kwa mwaka, uhusiano na El Nino upo ila sio wa moja kwa moja hivyo, huwezi kupangia shamba la Kongwa kwa habari za Dar.

mgeni_shambani: Asanteni sana. Kwahiyo ekari zote 6 mtama?

Binti Mpwapwa: Hapana usiweke zote, kwelea kwelea watakufilisi, wale ndege wakishuka kundi zima asubuhi moja ekari imeisha. Mimi ningeweka 3 mtama, Macia inawahi kukomaa, 2 alizeti, mahindi ekari moja ya kula nyumbani, mbegu ya muda mfupi kama Situka, na uyaweke kule bondeni unyevu unapokaa. Na usiberege, yaani usipande bila kulima, lima kwa matuta ya kukinga maji ili hata hiyo 420 ibaki shambani isikimbilie korongoni.

mzee wa jamvi: Na kulinda ndege nani analinda, watoto si wako shule

Binti Mpwapwa: Ndo maana nikasema 3 sio 6 😂 na apande siku moja na majirani zake, ndege wagawane