MREJESHO: lile kombe la miiba si spishi mpya jamani

Haya wadau nimerudi. Kwa mliokosa mwanzo, niliweka picha ya kombe la konokono wa bahari lililonasa kwenye jarife la mjomba huku Tanga, miiba kila upande, mi nikajua nimegundua spishi mpya, nshaanza hadi kulitafutia jina 😂

Mkaniambia nilisafishe kwanza. Nikaliloweka kwenye jiki usiku kucha, asubuhi nikalisugua na mswaki mkuukuu, ule utando wa chokaa na mwani ukatoka, kumbe miiba yenyewe sio ya sindano, inajikunja na kuchanikachanika kama majani. Nikahesabu yale matuta yanayobeba miiba, kila mzunguko matatu, vilevile alivyosema yule kaka wa Unguja. Mdomo kwa ndani pinki, na ukingoni kuna jino moja limechomoza, nimeligusa na kidole kabisa.

Basi ndo Chicoreus ramosus huyo (jina lake la kisayansi), Linnaeus, yule mwanasayansi wa Uswidi aliyewapa viumbe majina, alishampa jina tangu 1758, nimechelewa kidogo tu. Wapo kuanzia huku kwetu mpaka Pasifiki. Na ule mfereji wa chini, yaani ule mrija unaoshuka kutoka mdomoni mwa kombe, ulionichanganya kwa ufupi wake, ulivunjika zamani, ukiweka lenzi unaona kabisa palipokatika.

Asante dada uliyenitahadharisha kwamba kombe moja chakavu halitoshi, lazima ulinganishe na mengine na ikiwezekana umpate na mnyama mwenyewe. Mjomba hana habari, anasema hao wanamchania nyavu tu. Nimeliweka dirishani, bado linanuka.